Orodha ya Seva Isilale Ndani ya Seva

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya teknolojia ya habari



Mkazi anayefika kwenye dirisha la malipo akiwa na bili ya ardhi mkononi, akaambiwa "mfumo umeanguka, rudi kesho," hana la kufanya ila kurudi kesho. Amelipa nauli ya matatu, amefunga kioski au ameacha ng'ombe bila mtu. Karani aliye nyuma ya dirisha naye hajui zaidi yake. Anachoona ni kioo cha tarakilishi kisichojibu. Anayepaswa kujua ni fundi aliye kwenye chumba cha seva, na hapo ndipo swali la leo linapoanzia. Je, fundi huyo ana karatasi inayomwonyesha ni mashine gani imeanguka, inategemea nini, na ni huduma zipi nyingine zimeanguka pamoja nayo? Au anategemea kumbukumbu ya mwenzake aliyehamia kaunti jirani mwaka jana?

Seva ni tarakilishi inayohudumia tarakilishi nyingine. Zamani kila kazi ilikuwa na sanduku lake la chuma: moja la mishahara, moja la barua pepe, moja la mapato. Siku hizi sanduku moja lenye nguvu hugawanywa kwa programu, likabeba seva nyingi ndani yake, kila moja ikijiona iko peke yake. Hizo ndizo seva pepe. Mfano wa karibu ni ploti ya kupangisha. Ardhi ni moja, ukuta wa nje ni mmoja, tanki la maji ni moja, lakini ndani mna vyumba ishirini na kila mpangaji ana ufunguo wake. Keyateka mzuri ana daftari: chumba hiki ni cha nani, aliingia lini, analipa kiasi gani, simu yake ni ipi. Ploti isiyo na daftari huendelea vizuri tu mpaka siku bomba linapopasuka usiku na hakuna anayejua maji yanatokea chumba gani.

Wazo lenyewe si jipya. Kampuni ya IBM ilikuwa ikigawanya tarakilishi zake kubwa kwa namna hii tangu miaka ya 1960. Kwa mashine za kawaida, jambo hili lilienea baada ya VMware, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, kutoa programu yake ya seva mwaka 2001. Mwaka 2007 uwezo huo uliingizwa ndani ya Linux kwa jina la KVM, na mwaka uliofuata ikatoka Proxmox ya Austria, ambayo afisi inaweza kuitumia bila kununua leseni.

Faida zake ni kubwa na hazibishaniwi. Masanduku machache maana yake ni stima kidogo, viyoyozi vichache na chumba kidogo. Lakini urahisi huo una hila yake. Kununua sanduku kulihitaji zabuni, barua ya idhini, gari la kulileta na mtu wa kutia sahihi. Kuunda seva pepe kunahitaji dakika chache na mtu mmoja mwenye nywila. Hakuna anayeiona ikiingia mlangoni. Haibandikwi nambari ya mali ya kaunti, ingawa kiti cha plastiki kilicho nje ya mlango huo kimebandikwa. Fundi anaunda moja ya majaribio Jumatatu, anaipa jina "jaribio2", na mwisho wa mwezi anahamishwa. Miaka mitatu baadaye bado inakula hifadhi, haijawekewa marekebisho ya usalama hata mara moja, na hakuna anayethubutu kuizima kwa kuwa hakuna ajuaye kama kuna mtu anaitumia.

Kaunti zina sababu ya ziada ya kuwa makini. Zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi mabaraza ya miji, manispaa na wilaya pamoja na tarakilishi na programu zake, ikiwemo LAIFOMS iliyokuwa ikitumiwa na mabaraza hayo kwa mambo ya fedha. Juu ya urithi huo ikaongezwa mifumo mipya ya mapato, ya hospitali, ya vibali vya biashara. Mifumo ikipangwa tabaka juu ya tabaka namna hiyo, kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi.

Yaliyotokea Daejeon

Anayedhani kwamba hili ni tatizo la serikali zisizo na pesa aangalie Korea Kusini, nchi inayosifika kwa huduma za serikali za kidijitali. Jioni ya Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali kilichoko mji wa Daejeon, wakati wa kazi ya kuhamisha betri za lithiamu zilizokuwa kwenye jengo moja na seva. Betri 384 ziliungua. Wazimamoto walipambana nao kwa takriban saa 22. Serikali ilitangaza kuwa mifumo 647 imezimika, ikiwemo ya vitambulisho vya kwenye simu na huduma za benki za posta. Mifumo 96 ilifikiwa na moto wenyewe.

Kilichozungumzwa zaidi duniani ni hifadhi iitwayo G-Drive, ambamo watumishi wa umma wapatao 125,000 walikuwa wakiweka faili zao za kazi. Terabaiti 858 ziliteketea, na hapakuwa na nakala mahali pengine. Hilo ni funzo la nakala rudufu, na wengi wamelisikia. Lakini kuna jambo la pili ambalo halikupewa uzito unaostahili. Oktoba 9, karibu wiki mbili baada ya moto, serikali ilirekebisha hesabu yake: mifumo iliyozimika haikuwa 647, ilikuwa 709. Mfumo uliotunza orodha ya mifumo yote, nTOPS, ulikuwa ndani ya kituo kile kile. Ulipozimika, orodha ilibidi iandikwe kwa kutegemea kumbukumbu za wafanyakazi. nTOPS uliporudishwa ndipo hesabu ikapanda kwa 62.

Kwa siku hizo zote, watu waliokuwa wakifanya kazi usiku na mchana kurudisha huduma hawakuwa na hesabu kamili ya huduma zenyewe. Hawakuwa wazembe. Orodha walikuwa nayo, tena nzuri, ila waliiweka ndani ya nyumba iliyoungua. Jambo moja liliwasaidia: mifumo yao ilikuwa imeshapangwa kwa madaraja, la 1 hadi la 4, kwa hiyo ilijulikana tangu mapema ianze kuokolewa ipi.

Karatasi yenyewe huandikwaje

Watu wengi wakisikia habari ya kuweka kumbukumbu za seva hufikiria mchoro, masanduku na mistari na wingu katikati. Mchoro hupendeza ukutani. Ila kazi huanza na orodha, na orodha hiyo isiandikwe kwa mkono. Mkono husahau, tena huandika kinachopaswa kuwepo badala ya kilichopo. Mashine yenyewe inajua ina wapangaji wangapi, kwa hiyo iulizwe mashine.

Kwa wanaotumia VMware, chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni RVTools. Ni programu ndogo ya Windows isiyo na malipo, ambayo sasa iko chini ya kampuni ya Dell. Huunganishwa na seva ya usimamizi, kisha hutoa kurasa za jedwali: jina la kila seva pepe, kama imewashwa, ina prosesa ngapi, kumbukumbu kiasi gani, diski zake ziko wapi, iko kwenye mtandao gani. Jedwali hutoka kama faili ya Excel. Fundi anayeitumia mara ya kwanza hushangaa. Atakuta seva zilizozimwa zamani ambazo bado zimekalia hifadhi. Atakuta nakala za muda zilizochukuliwa kabla ya kusasisha programu, ili mambo yakiharibika irudiwe hali ya mwanzo, kisha zikasahaulika. VMware yenyewe inashauri nakala ya aina hiyo isitumike zaidi ya saa 72, kwa kuwa huendelea kunenepa na inaweza kujaza hifadhi hadi seva isimame. Kuanguka kwa mfumo anakoambiwa mkazi dirishani huenda ni hilo tu.

Anayetaka zaidi hutumia PowerCLI, amri zinazoweza kupangwa zijiendeshe kila usiku. Proxmox nayo hujibu maswali hayo hayo kwa amri chache. Akaunti inayotumika kuuliza iwe ya kusoma peke yake, isiyoweza kubadili chochote. Ni jambo dogo, na hupuuzwa mara nyingi.

Orodha ya mashine ina upungufu mmoja ambao hauzibwi na chombo chochote. Itasema kuna seva iitwayo "app03" yenye prosesa nne. Haitasema kwamba app03 ndiyo yenye rekodi za kliniki ya akina mama wajawazito, kwamba mwenye nayo ni idara ya afya, kwamba mkataba wa aliyetengeneza programu unaisha Juni, na kwamba ikizimika foleni ya dawa hospitalini inasimama. Hayo wanayajua watu. Hupatikana kwa kukaa chini na mhasibu, na muuguzi mkuu, na afisa wa mapato, na kuuliza seva moja baada ya nyingine. Mafundi hawaipendi kazi hii kwa sababu haina kitufe cha kubonyeza. Bila hiyo, orodha ni majina tu.

Mahali pa kuweka majibu hayo panaweza kuwa lahajedwali, na kwa afisi yenye seva thelathini lahajedwali inatosha. Zikiwa nyingi zaidi kuna NetBox, programu huria iliyoanzishwa na mafundi wa kampuni ya DigitalOcean na kutolewa kwa umma mwaka 2016. Hurekodi rafu, nyaya, anwani za mtandao, masanduku na seva pepe zilizo juu yake. Wanaoianza huielewa vibaya kwa jambo moja: haikuundwa kwenda yenyewe kutafuta kilichopo mtandaoni. Humo huandikwa mambo yanavyotakiwa kuwa. Kisha orodha iliyotoka kwa mashine hulinganishwa nayo, na tofauti ya hizo mbili ndiyo habari: seva ipo bila idhini, au ina idhini na haipo. Mkaguzi wa hesabu angeelewa mara moja, maana ndivyo anavyolinganisha daftari la mali na vitu vilivyoko stoo.

Mchoro hufuata baada ya hapo. Kuna Visio ya Microsoft, inayolipiwa. Kuna draw.io, ya bure, inayofanya kazi hata bila intaneti ikiwekwa kwenye tarakilishi. Kuna Graphviz, ambayo fundi huiandikia maneno, kwamba hiki kinategemea kile, nayo ikapanga mchoro yenyewe. Faida yake ni kwamba orodha ikibadilika mchoro huchorwa upya bila mtu kuburura masanduku kwa kipanya. Kila moja ina wafuasi wake na ubishi wao hauishi. Swali zito zaidi ni nini kinachochorwa.

Kosa la kawaida ni kuchora kila seva pepe ndani ya sanduku lake la chuma. Mchoro huo unaweza kupitwa na wakati siku hiyo hiyo, kwa sababu masanduku yakiunganishwa kuwa kundi yanaweza kuhamisha seva pepe kutoka moja hadi jingine bila kuizima, ili kusawazisha mzigo. Kinachofaa kuchorwa ni kundi, hifadhi, mtandao, na hasa utegemezi: mfumo wa vibali unahitaji hifadhidata hii, hifadhidata inahitaji hifadhi ile.

Mchoro wa namna hiyo hufichua kosa ambalo jedwali hulificha. Hifadhidata ya hospitali huenda ina pacha wake wa kushika zamu moja ikifa. Kwenye jedwali ni safu mbili zenye majina mawili, na kila mtu ameridhika. Mchoro ukionyesha kwamba hakuna kinachowazuia pacha hao kulala kwenye sanduku moja la chuma, basi siku sanduku hilo litakapokufa wataondoka pamoja. Kundi linaweza kuwekewa kanuni ya kuwatenganisha, na kanuni hiyo iandikwe pale pale kwenye mchoro.

Stima ikirudi

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Usiku kama huo betri za chumba cha seva hudumu kwa dakika, na jenereta hudumu kwa kadiri ya dizeli iliyomo. Kila kitu kikizimika kisha stima ikarudi, ndipo karatasi hupimwa.

Seva ya usimamizi, ile ambayo kwayo fundi huziona nyingine zote, mara nyingi ni seva pepe pia. Kati ya masanduku matano, imo katika lipi? Fundi asiyejua ataingia moja moja akiitafuta. Anajaribu kufungua sanduku kwa jina lake, lakini seva inayogeuza majina kuwa anwani nayo ni seva pepe, na imezimika. Anakumbuka kwamba anwani ziko kwenye faili. Faili iko kwenye seva ya faili. Nywila ziko kwenye programu ya kutunza nywila, nayo inaendeshwa na seva ambayo hajaipata. Hiyo ni Daejeon ndogo, bila moto.

Dawa yake ni ya bei ndogo mno: kurasa mbili zilizochapishwa. Ziwe na anwani za masanduku kwa nambari na mahali pa kuikuta seva ya usimamizi. Ziwe na mpangilio wa kuwasha: swichi na hifadhi kwanza, kisha masanduku, kisha seva ya majina na ya utambulisho wa watumiaji, kisha hifadhidata, mwisho programu zenyewe. Nakala moja ifungiwe kwenye sefu, nyingine ikae jengo jingine. Nywila za dharura ziwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Orodha kamili na michoro yake inakiliwe kila wiki kwenye diski isiyounganishwa na mtandao. Juu ya kila ukurasa iwe na tarehe, na mara moja kwa mwaka fundi mwingine ajaribu kuwasha kwa kuufuata, aliyeuandika akiwa ameketi pembeni bila kusema neno.

Katika ile hatua ya mwisho ya mpangilio kuna uamuzi ambao si wa fundi. Programu zote haziwezi kuwashwa kwa dakika moja. Je, inatangulia ya hospitali, au ya ada za maegesho zinazoletea kaunti pesa za kila siku? Karatasi ikiwa haijasema, ataamua aliyeko zamu saa nane usiku, na huenda akaanza na ile ambayo mkuu wake amempigia simu juu yake. Madaraja hayo yanapaswa kuwekwa na wakuu wa idara mchana, kwa maandishi. Na mkazi ambaye mtoto wake yuko wodini ana neno la kusema juu yake.

Kuna suala la pesa pia. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, kisha ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa hulipiwa kwa kipindi, kwa hesabu ya viini vya prosesa, na kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16. Sanduku kuukuu lenye prosesa mbili za viini vinane, yaani 16 kwa jumla, hulipiwa kama lina 32. Afisi isiyo na orodha haiwezi kujua kwamba kustaafisha masanduku mawili ya aina hiyo kungepunguza bili, wala haiwezi kupima kama inafaa kuhamia Proxmox. Itapokea hesabu ya muuzaji na kuilipa.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuwa zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, iwapo kuna hatari halisi ya wenye data kudhurika. Kujua hatari hiyo kunahitaji kujua seva iliyovamiwa ilikuwa na data za nani. Ikiwa ni "jaribio2" isiyo na mwenyewe, saa hizo zitaisha kwa kuulizana.

Atakuwepo atakayeuliza kwa nini michoro isiwekwe kwenye tovuti, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari. Mchoro wenye anwani na majina ya seva ni ramani ya mwizi, na haufai kutoka nje. Lakini kuna mambo yanayoweza kusemwa hadharani bila kumsaidia mwizi yeyote: kaunti ina seva pepe ngapi, ngapi kati ya hizo hazina idara inayozimiliki, orodha ililinganishwa na mashine lini, kama kuna nakala nje ya jengo, na zoezi la kuwasha kila kitu upya lilifanywa tarehe gani. Hayo ni maswali ya kuuliza sasa, kabla makadirio ya bajeti hayajafikishwa kwenye Bunge la Kaunti, ambayo kisheria hufikishwa kufikia Aprili 30. Fungu la kununulia masanduku mapya likisomwa, itafutwe pia siku za kazi zilizotengewa orodha. Programu nyingi zilizotajwa leo ni za bure, na gharama yake ni muda wa watu.

Mkazi atakayekosa nafasi ya kuuliza kikaoni anaweza kuandika ombi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Afisi ina siku 21 za kumjibu.